Kisichokusudiwa Katika Wavu



Neno "ajali" katika lugha yetu ya pwani lina maana mbili. Ni balaa lililompata mtu pasipo yeye wala mwenziwe kulitaka. Tena kwa wazee ni siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa, ambayo hakuna awezaye kuikwepa. Ndiyo maana mtu akisema "Ilikuwa ajali", mara nyingi husema mambo mawili kwa mpigo: kwamba hakuna aliyekusudia, na kwamba hakuna wa kuulizwa. Lakini jambo la kwanza laweza kuwa kweli na la pili lisiwe kweli. Mwezi huu twapenda kulitafakari swali hili pamoja nanyi, kwa kuitazama kazi ambayo wengi wetu hapa Kibiti na huko delta twala matunda yake, yaani uvuvi wa nyavu, na wanyama wakubwa wa baharini wanaonaswa humo bila kutakiwa: nguva, pomboo, na mara moja moja hata nyangumi.

Tuieleze kwanza kazi yenyewe, kwa kuwa si wasomaji wetu wote wanaokaa karibu na maji ya chumvi. Mto Rufiji ukaribiapo bahari hugawanyika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko msitu wowote wa mikoko ulio mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Watu wa Salale, Maparoni, Mbuchi na Nyamisati hulima mpunga na kutunza minazi, lakini chungu chao hutegemea pia maji. Katika bahari iliyo kati ya delta na kisiwa cha Mafia, na kusini kuelekea Mohoro na Somanga, ziko nyasi zinazoota chini ya maji, na nguva hula nyasi hizo kama ng'ombe alavyo malishoni. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu za dunia.

Wavuvi wa huko hutumia nyavu za namna nyingi. Ile inayotuhusu leo ni jarife, wavu wenye macho makubwa wa kuvulia papa, taa na samaki wengine wakubwa. Jarife hufungwa maboya juu na chubwi chini, likasimama majini kama ukuta. Aghalabu hutegwa jioni na kuinuliwa asubuhi. Uzi wake ni wa nailoni, mwembamba na mgumu, usioonekana kwa urahisi majini. Sasa, nguva, pomboo na nyangumi si samaki. Wana damu ya moto, huzaa na kunyonyesha, na huvuta hewa kwa mapafu kama sisi. Nguva hana budi kupanda juu kila baada ya dakika chache ili apumue. Akishikwa na wavu usiku, hufa maji, kama mtu afavyo maji, muda mrefu kabla ya mashua kurudi.

Nahodha afikapo alfajiri humkuta mnyama amekwisha kufa. Hakumtaka. Wavu umechanika, na papa aliowatarajia hawamo. Mbele yake yako mafungu ya kugawa, fungu la chombo, fungu la wavu na mafungu ya mabaharia, na hakuna cha kugawa. Mtu huyo tukimwita mwuaji tutakuwa tumemsingizia. Lakini tukisema kwamba hakuna jambo lolote la kuulizwa hapo, je, tutakuwa tumesema kweli?

NG'OMBE ALIYEZOEA KUPIGA PEMBE

Torati ya Musa ina sheria ambayo wengi wetu huipita haraka tunaposoma, kwa kuwa yaonekana ni sheria ya wafugaji wa zamani. Imo katika Kutoka, sura ya 21. Ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe akafa, ng'ombe huyo atauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Hakukusudia, wala hakujua. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe amekwisha kuambiwa, naye hakumfunga, basi mambo yanageuka: mwenyewe anahesabiwa kuwa na hatia ya damu.

Tuangalie vizuri ni kitu gani kilichogeuka. Nia ya mwenye ng'ombe ni ile ile. Mara ya kwanza hakutaka mtu afe, na mara ya pili pia hakutaka. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichoongezeka ni kujua. Sheria ile yatufundisha kwamba nia njema peke yake haimtoshi mtu aliyekwisha kuonywa. Kabla ya kujua, aliulizwa: Ulikusudia nini? Baada ya kujua, anaulizwa swali jingine: Ulifanya nini ili jambo hilo lisitokee tena?

Basi tuulize: jarife ni ng'ombe wa namna gani? Je, tumekwisha kuambiwa?

Tumekwisha kuambiwa. Huko Unguja, wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pamoja na wenzao wa kutoka Sweden waliwauliza wavuvi wa jarife habari za pomboo walionaswa, na taarifa yao ilichapishwa mwaka 2002. Wavuvi waliowahoji walitaja pomboo 96 walionaswa kati ya mwaka 1995 na 1999. Yaweza kuonekana ni idadi ndogo katika bahari kubwa, mpaka tujue kwamba katika maji ya kusini ya Unguja, karibu na Kizimkazi, pomboo wa aina inayoonekana zaidi walihesabiwa kuwa hawafiki 200, na wa aina ya pili hawafiki 100. Kwa upande wa bahari nzima, watafiti walikadiria mwaka 2020 kwamba nyavu za kuvulia jodari katika Bahari ya Hindi zilinasa pomboo na nyangumi wadogo wapatao milioni nne tangu mwaka 1950 hadi 2018.

Habari ya nguva ni nzito zaidi. Zamani walionekana kwa makundi katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Siku hizi, kwa upande wa Tanzania, waliosalia hupatikana hasa katika maji haya ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Wavuvi wazee walipohojiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walisema wazi kwamba nguva wamepungua sana, na kwamba wengi hufa katika jarife. Mwezi Desemba 2022 Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile (IUCN) uliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la wanyama walio karibu kabisa kutoweka, ukikadiria kwamba wakubwa wenye uwezo wa kuzaa hawafiki 250 katika pwani yote. Kundi pekee lenye matumaini ya kudumu liko mbali kusini, katika visiwa vya Bazaruto, Msumbiji.

Kwa hiyo hatuwezi tena kusimama mahali pa yule mwenye ng'ombe wa kwanza. Nguva atakayenaswa mwaka huu, yeyote yule na popote pale, atakuwa hakukusudiwa. Lakini kunaswa kwake ni jambo ambalo lilitarajiwa.

HESABU YA MAMA

Huenda mtu akasema: "Mbona samaki nao huvuliwa kila siku na bahari haijakauka? Huyu mmoja ana nini?"

Jibu limo katika uzazi. Samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu. Nguva jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka kama kumi au zaidi, hubeba mimba kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja tu, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu mpaka saba. Pomboo naye huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya mwaka mzima.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme katika maji fulani wamo nguva ishirini. Kumi ni majike, na katika hao watano tu ndio waliokwisha kukomaa. Kila mmoja akizaa mara moja katika miaka mitano, maji yote hayo yatapata mtoto mmoja kwa mwaka. Basi jarife moja likinasa nguva mmoja tu kwa mwaka, ongezeko lote limekwisha. Likinasa wawili, siku za nguva katika maji hayo zinahesabika, hata kama wavuvi wote ni watu wema na hakuna hata mmoja aliyetaka. Mvuvi mmoja aweza kukaa miaka kumi asinase nguva hata mmoja, akaona ni jambo la nadra. Lakini wavuvi ni wengi, na nadra ya kila mmoja, ikijumlishwa, yaweza kumaliza uzao.

Hapa pia Torati ina neno. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu akikuta kiota cha ndege, ameruhusiwa kuchukua makinda, lakini amwache mama aende zake. Sheria hiyo haikatazi kula. Yakataza kula hata mzizi. Mkulima wa mpunga wa Rufiji aijua sheria hiyo bila kufundishwa na mtu, maana hata mwaka wa njaa huficha mbegu.

JE, MTU SI BORA KULIKO MNYAMA?

Liko pingamizi ambalo hatupendi kulipita, kwa kuwa linatoka kwa watu maskini na lina haki yake. Husema: "Ninyi mnalilia nguva, na watoto wetu wana njaa. Mtu na mnyama, nani bora?"

Bwana wetu alilijibu swali hilo. Aliwaambia wanafunzi kwamba wao ni bora kuliko shomoro wengi. Lakini katika neno lilo hilo alisema kwamba hata shomoro mmoja, ambaye bei yake ni ndogo kabisa, hasahauliwi mbele za Mungu. Ubora wa mtu haukuelezwa kwa kumfanya shomoro kuwa si kitu. Tena, tukitazama vizuri, hapa delta mtu na nguva hawako katika pande mbili za mizani. Nguva aliyekufa amemchania mvuvi wavu wake. Nyasi alizokuwa akila ndizo nyumba ya samaki wadogo ambao kesho ndio mboga yetu. Mvuvi angefurahi kama nguva asingeingia wavuni kamwe. Ni vigumu kupata jambo ambalo masilahi ya maskini na ya mnyama yanakwenda pamoja hivi.

Wengine husema kwamba kilichoingia wavuni ni riziki, na riziki haikataliwi. Neno riziki lina heshima yake. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika vijiji vya delta, hulitumia kwa unyenyekevu wa kweli, nasi twaungana nao kukiri kwamba chakula cha kila siku hutoka kwa Mungu. Lakini riziki ni kile tunachopewa ili tuishi sisi na watakaotufuata. Atumiaye neno hilo kufunika uharibifu amelishusha hadhi neno lenyewe.

Wako pia wasemao: "Meli kubwa za nje huua zaidi kuliko mashua zetu." Yawezekana kabisa, na Serikali yapaswa kuzidai meli hizo hesabu kwa nguvu zote. Lakini dhambi kubwa ya jirani haijapata kumtakasa mtu. Isitoshe, nguva haendi kwenye kilindi zipitapo meli hizo. Hukaa katika maji mafupi ya nyasi, karibu na fukwe zetu, na jarife linalomwua ni letu.

NG'OMBE MWENYE WENYEWE WENGI

Tumesema "letu", na neno hilo tulipime. Kwa urahisi mtu aweza kudhani kwamba mwenye ng'ombe hapa ni nahodha peke yake. Lakini jarife mara nyingi si mali yake. Ni la tajiri aliyemkopesha, naye hudaiwa fungu la wavu hata siku isiyo na samaki. Mchuuzi humsubiri pwani. Mwenye lori hubeba mpaka Dar es Salaam. Na mwisho wa safari uko kwenye sahani. Papa mkavu tunayemnunua sokoni, taa tunayempika kwa nazi, ndio waliovuliwa kwa jarife. Sisi Wakristo wa mapokeo haya, ambao siku za Ijumaa na majuma ya Kwaresima wengi wetu huacha nyama na kula samaki, tuna sababu zaidi ya kulifikiri jambo hili. Kitoweo tunachokila kwa kujinyima kimegharimu kitu huko majini, na yafaa tukijue.

Kwa hiyo hukumu ikimwangukia nahodha peke yake, haitakuwa hukumu ya haki. Yeye ndiye aliye karibu na damu, lakini ndiye aliye mbali kabisa na uwezo wa kubadilisha mambo. Hana fedha ya kununua wavu wa namna nyingine. Akiacha kutega usiku mmoja, deni halimwachi. Wote waliofaidika na wavu wamekwisha kuwa na sehemu katika ng'ombe yule, nao wote wameambiwa.

MIJI YA MAKIMBILIO

Sheria yetu ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinawalinda wanyama hawa, nayo ni sheria njema. Lakini kila sheria ya adhabu ina hatari yake, nayo ni kwamba watu wajifunze kuficha. Mvuvi aliyemkuta nguva amekufa wavuni huogopa. Basi nyama hukatwa upesi na kugawanywa kimyakimya, au mzoga hutupwa, na hakuna ajuaye alinaswa wapi, mwezi gani, kwa wavu gani. Na kisichojulikana mahali pake hakiwezi kuzuiwa. Zile habari za pomboo 96 wa Unguja zilipatikana kwa sababu moja tu: wavuvi waliulizwa kwa heshima, wakasema.

Torati iliona taabu hii zamani. Ndiyo maana Waisraeli waliagizwa kutenga miji sita ya makimbilio, ili mtu aliyeua bila kukusudia akimbilie huko asiuawe kwa hasira. Lakini mji wa makimbilio haukuwa mahali pa kusahau. Aliyekimbilia huko alisimama mbele ya watu akaeleza yaliyotokea, mambo yakapimwa, na maisha yake hayakuendelea kama kwamba hakuna lililotukia. Kwa hiyo mji ule ulimpa mtu usalama, nao ukamdai ukweli.

Hicho ndicho tunachokihitaji katika vijiji vyetu. Vipo vikundi vya wananchi vya kusimamia uvuvi, viitwavyo BMU. Liko shirika la Sea Sense, ambalo tangu mwaka 2001 limefanya kazi na wanavijiji wa pwani kwa ajili ya kasa na nguva. Viko pia vyumba vya ibada, misikiti na makanisa. Kama viongozi hawa wote wangekubaliana kwamba mvuvi atakayekuja mwenyewe na kueleza habari za mnyama aliyenaswa kwa bahati mbaya atasikilizwa kama shahidi, tungejua mengi katika miaka michache. Adhabu ibaki kwa yule awindaye makusudi, au auzaye nyama, au alipuaye baruti. Huyo ni mtu mwingine kabisa, na kumchanganya na nahodha wetu ni kumwonea huyu na kumficha yule.

YALIYO KATIKA UWEZO WETU

Mtu aweza kutuambia: "Haya, tumejua. Sasa tufanye nini?" Swali hilo ni la haki, maana hakuna awezaye kudaiwa lisilowezekana.

Yako yanayowezekana. Nje ya Pakistan, katika bahari hii hii yetu, wavuvi wa jodari walijaribu kuzishusha nyavu zao za kuelea mita 2 chini ya uso wa maji. Taarifa iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba pomboo na nyangumi walionaswa walipungua kwa zaidi ya asilimia 75, wala jodari hawakupungua kwa kiasi cha kumtia mvuvi hasara. Huko Unguja walijaribu kufunga katika nyavu vifaa vidogo vinavyotoa mlio majini, na pomboo walionaswa walipungua. Lakini vifaa hivyo hununuliwa kwa fedha za kigeni, tena huhitaji betri, na mvuvi wa Maparoni hawezi kuvipata peke yake.

Yafaa tuseme pia kwamba dawa ya mmoja si dawa ya wote. Kuushusha wavu kwaweza kumwokoa pomboo apitaye juu. Hakumsaidii nguva alaye chini. Kwa nguva yatakiwa mambo mengine: kutotega jarife juu ya nyasi wanakojulikana kula, kutouacha wavu usiku kucha bila mtu, bali kukaa nao na kuutazama mara kwa mara, na kurudi kwenye mshipi pale inapowezekana. Kwa nyangumi, ambao hufika pwani yetu kuzaa kati ya Julai na Novemba, wavuvi waweza kupunguza nyavu ndefu katika njia zao majira hayo. Wazee wa delta wanajua mahali na majira haya kuliko kitabu chochote. Kinachotakiwa ni wao waitwe kukata shauri, wasiitwe kusomewa shauri lililokwisha kukatwa.

Tunalisema hili kwa sababu uko mfano wa kuogofya. Huko Mexico, katika Ghuba ya California, yuko mnyama mdogo wa ukoo wa pomboo aitwaye vaquita. Hakuna aliyemwinda, alikuwa akifa katika nyavu za watu waliotaka samaki. Serikali ilipiga marufuku nyavu hizo mwaka 2015, kwanza kwa miaka miwili, kisha moja kwa moja mwaka 2017. Lakini marufuku yalifika kwa kuchelewa, wavuvi hawakupata njia nyingine ya kutosha ya kuishi, na wako waliokuwa tayari kulipa bei kubwa kwa samaki wa magendo. Leo vaquita waliobaki duniani hawafiki ishirini. Sheria ilikuwako, na wanyama wakaisha mbele ya macho yake.

NANI AUBEBE MZIGO?

Tumefika mahali pagumu. Mvuvi akimkuta nguva yu hai, akaukata wavu wake ili amwachie, amefanya tendo jema ambalo sote tutalisifu. Lakini wavu uliokatwa ni wake, na sifa zetu hazinunui nailoni. Je, ni haki tendo jema litoke mfukoni mwa maskini peke yake, na furaha yake iwe yetu sote?

Wengine wataogopa kwamba mtu akilipwa kwa kutenda mema, wema wenyewe unageuka biashara. Hofu hiyo ina maana. Lakini kuna tofauti kati ya kumlipa mtu na kushiriki hasara yake. Jirani akiunguliwa na nyumba kwa sababu aliacha yake akaenda kuzima moto wa mwenziwe, tukimchangia makuti hatusemi tumemlipa. Tumekataa tu kumwacha aubebe peke yake mzigo alioubeba kwa ajili ya wengine. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba kuchukuliana mizigo ndiko kuitimiza sheria ya Kristo.

Basi twaomba halmashauri ya parishi iyafikiri mambo matatu. La kwanza, uwepo mfuko mdogo wa nyavu, unaosimamiwa pamoja na wazee wa kijiji, wa kanisa na wa msikiti, ili mvuvi aliyekata wavu wake kumwokoa mnyama asaidiwe kuuunga, nahodha na mabaharia wakiwa mashahidi. Fedha yake isitafutwe mbali. Wenye duka, wachuuzi, na sisi tulao samaki tuianze. La pili, katika siku za maombi ya mavuno kabla ya sikukuu ya Kupaa, tunapobariki mashamba na mbegu, tubariki pia nyavu, na tuwaombee wavuvi hekima ya mahali pa kuzitega. La tatu, kila anunuaye samaki aulize: amevuliwa wapi, na kwa wavu gani? Swali hilo halina gharama, na likiulizwa na wengi litafika mpaka kwa tajiri mwenye jarife.

Bwana Yesu aliufananisha ufalme wa mbinguni na juya lililotupwa baharini likakusanya wa kila namna, kisha wavuvi wakaketi pwani wakachagua. Kule kuchagua pwani kulimtosha samaki. Kwa mnyama avutaye hewa, pwani ni mbali mno; akifika huko hakuna la kuchaguliwa tena. Kwake yeye uchaguzi hufanywa jioni, wavu ungali mkavu ndani ya mashua, nahodha akitazama maji na kuamua wautupe wapi. Na hata kabla ya hapo uchaguzi hufanywa huku kwetu nchi kavu, na wanaokopesha, wanaonunua, wanaotunga sheria na wanaokula.

Mungu, aliyeumba vilindi na vyote viendavyo ndani yake, awalinde wavuvi wetu katika safari zao, naye atupe sisi tuliobaki pwani moyo wa kuchukua sehemu yetu ya mzigo.